Boneti ya Datsun yangu imekuwa ya kijivu: ni plastiki feki au ni hewa ya Mombasa?

*"Shikamoo ami. Nakaa Tudor, ghorofa ya tatu, nyuma yetu ni mkono wa bahari. Mjomba wangu alikuwa baharia, na alipostaafu aliniachia masanduku ya modeli za magari za plastiki, mengine hayajafunguliwa tangu miaka ya sabini. Mimi mwenyewe niliagiza Datsun 240Z ya Safari Rally ya 1971, ya kampuni ya Hasegawa, skeli 1/24 (yaani sehemu moja ya 24 ya gari la kweli), ikaletwa na jamaa kutoka Dubai. Nimeijenga taratibu kwa miezi. Mwezi wa tano nikaipiga rangi: bodi nyekundu, boneti nyeusi, laka niliyochanganyiwa duka la rangi za magari, nikaipuliza kwa eabrashi, kile kibunduki kidogo cha kupulizia rangi. Nilikuwa makini. Bodi niliilaza usiku kucha kwenye chumba cha AC isipate unyevu, nikaitoa barazani alfajiri kabla upepo haujaanza. Sijamaliza hata upande wa pili, boneti ikawa ya kijivu na paa likaota ukungu mweupe. Nikaenda kufungua masanduku ya mjomba nijiliwaze, nikakuta tairi za gari moja zimezama ndani ya kioo cha mbele, zimekiyeyusha. Jamaa zangu wengine wanasema plastiki za siku hizi ni feki, wengine wanasema ni chumvi ya bahari, na kwamba Mombasa modeli hazikai, niuze niachane nazo. Je, niivue rangi yote? Ninunue mashine ya kukausha hewa? Au nikubali yaishe?"*

Marahaba, mwanangu. Kwanza tulia: Datsun yako haijafa, na rangi usiivue leo wala kesho. Unaloogopa, nikilikusanya, ni kwamba umepoteza miezi ya kazi kwa sababu ya plastiki mbovu, au kwa sababu tu umejaliwa kukaa pwani. Sivyo. Una maradhi mawili yasiyohusiana, yametokea kugunduliwa siku moja. Ukungu kwenye rangi ni maji. Kioo kilichoyeyuka ni kazi ya tairi lenyewe, na lingekiyeyusha hata kama sanduku lingekaa Nairobi, ila huko lingechelewa zaidi.

Hoja ya plastiki feki inajiangusha yenyewe. Gari la mjomba ni la miaka ya sabini, Datsun yako ni ya juzi, na zote mbili ni polistairini, plastiki ileile ambayo viwanda vya modeli vimekuwa vikiidunga kwenye kalibu tangu kabla mjomba wako hajaanza safari. Kama ingekuwa feki ya siku hizi, la mjomba lingesalimika. Chumvi nayo ina madhambi yake, lakini si haya. Chumvi haigusi polistairini wala haigeuzi laka kuwa nyeupe. Inachokula ni chuma. Fungua tena yale masanduku utazame eksili: seti nyingi za zamani za Kimarekani, kama za AMT, huja na fimbo za chuma za kushikia magurudumu, na hizo ndizo utakazozikuta zimepiga kutu. Zisugue kwa msasa mwembamba, zipake mafuta kidogo ya cherehani, uzitie kwenye mfuko wake peke yake. Chumvi tumemalizana nayo.

Sasa ukungu, maana hapo ndipo penye kisa. Laka ni gamba la rangi lililoyeyushwa ndani ya thina. Unapopuliza, thina inapaa, gamba linabaki. Lakini thina haipai bure, inaondoka na joto. Mwaga spiriti kidogo kiganjani uone mkono unavyopoa. Uso wa bodi nao unapoa vivyo hivyo, na kadiri thina inavyokauka haraka ndivyo unavyopoa zaidi. Upande wa pili, kila hewa ina kiwango chake cha umande: ukiipoza hadi hapo, mvuke uliomo unageuka maji. Uso wa bodi ukishuka chini ya kiwango hicho wakati rangi bado mbichi, umande unatua juu ya rangi na kuingia ndani yake. Gamba linafunga, maji yanakuja kupaa baadaye, yanaacha vishimo vidogo mno visivyoonekana kwa jicho. Mwanga ukipiga kwenye vishimo hivyo unatawanyika kila upande, na jicho lako linasoma weupe. Weusi wa boneti yako haujaenda popote. Uko palepale, umefunikwa na vishimo.

Hesabu yake hata huhitaji mtaalamu. Chukua 100, toa asilimia ya unyevu hewani, gawanya kwa 5. Jibu ni nyuzi ambazo uso unaweza kupoa kabla ya kuota umande. Ni hesabu ya makadirio, lakini kwa hewa yetu ya pwani inatosha. Alfajiri ya mwezi wa tano, masika imekolea, tuseme joto ni nyuzi 26 na unyevu asilimia 90. Jibu ni 2. Nyuzi mbili tu, na thina ya haraka inapoza zaidi ya hapo bila taabu. Alasiri ya kaskazi, nyuzi 31 na unyevu asilimia 60, jibu ni 8. Baraza ni ileile, rangi ni ileile, na mkono ni uleule.

Kwa hiyo ule umakini wako ndio uliokuponza, mwanangu, na nakuambia kwa upendo. Ulichagua alfajiri kwa sababu kumetulia. Pwani alfajiri ndiyo saa ambayo hewa imejaa maji kuliko saa zote za mchana. Halafu AC. Chumba cha AC kweli ni kikavu, lakini bodi iliyolala humo usiku kucha ilitoka na joto la chumba, tuseme nyuzi 22. Kiwango cha umande cha barazani, kwa hesabu yetu, kilikuwa 24. Bodi ilikuwa tayari chini ya umande kabla hujabonyeza eabrashi! Ni kama miwani inavyofunga ukungu mtu akitoka benki yenye AC na kuingia Barabara ya Digo. Ungeipitisha kidole gumba kabla ya kupuliza ungehisi utelezi wa maji.

Kabla ya tiba, hakikisha ni ugonjwa huo kweli, kwa sababu kuna mengine yanayofanana nao. Washa tochi ya simu, ilaze ubavuni mwa boneti mwanga upite juu juu. Ukungu wa umande ni laini, umetandaa sawasawa, unakolea kwenye sehemu zilizopata rangi nyingi. Ukiona vitone vyenye kijishimo katikati, hayo ni maji ya kompresa: hewa yetu ikibanwa inatema maji ndani ya mpira, na bila kichujio cha maji karibu na eabrashi yanarushwa pamoja na rangi. Tiba yake ni kununua kichujio na kukimwaga kila mara, na kushika eabrashi juu kuliko mpira. Na ukiona mistari myembamba iliyosukana, kama nyavu, basi thina imeuma plastiki. Laka ya magari ni kali. Imetengenezewa bati, haijui huruma kwa polistairini, na kama hukutanguliza praima, ile rangi ya msingi, au ulimwaga rangi mbichi nzito, inaweza kupasua uso. Hilo haliondoki kwa kupuliza chochote; ni kusugua msasa mpaka mistari iishe, kisha praima tabaka jepesi jepesi. Kwa maelezo yako, kwamba kijivu kilitokea papo hapo ukiwa bado unapuliza, nina hakika ni umande. Tazama tu.

Kitu kingine cha kupima ni aina ya rangi yenyewe. Chukua kijiti cha pamba cha masikio, kichovye kwenye thina, gusa sehemu iliyojificha ndani ya bodi ambako rangi ilirukia. Rangi ikitoka kwenye pamba mara moja, ni laka ya kawaida inayoweza kuyeyushwa tena, na una bahati. Isipotoka, huenda dukani walikupa ile ya kuchanganya na hadina, dawa ya kuigandisha. Hiyo ikishaganda haiyeyuki tena, na hayo mengine ya chini hayatakusaidia isipokuwa msasa. Pia ina hatari ya peke yake, nitaifikia.

Ikiwa ni laka ya kawaida, tiba ya kwanza ni kuiyeyusha tena polepole. Rudi dukani uombe ritada, ile thina inayokawia kukauka ambayo mafundi wa bodi huitumia msimu wa mvua. Kwa waliobahatika kuagiza bidhaa za Kijapani, Mr. Color wana Leveling Thinner yao ambayo tayari ina ritada ndani. Subiri bodi ikae wiki nzima kwenye hewa ya kawaida, ndani ya sanduku la kadibodi lisiingie vumbi. Halafu chagua alasiri yenye jua. Usianze na Datsun. Nunua vijiko vyeupe vya plastiki vya kutupa, vile vinavyokatika ukivikunja, vingi vyake ni polistairini hiyohiyo. Vipige praima na rangi ileile, na ukitaka vipate ukungu, vipulize alfajiri makusudi. Jaribu ritada hapo. Kwenye eabrashi tia thina na ritada peke yake, bila rangi, punguza presha, simama mbali kidogo kuliko kawaida, pitisha mvuke mwembamba sana kisha ondoa mkono. Usitafute kung'aa kwa mpigo mmoja. Ukitazama kwa karibu utaona uso unalowa, halafu kijivu kinaanza kurudi nyuma kutoka ukingoni, weusi unatokea, na baada ya dakika chache vishimo vimejifunga. Pumzika nusu saa, rudia pale palipobaki. Anayetaka kumaliza yote kwa mkupuo mmoja ndiye anayepata michirizi, na thina nyingi ikizama inafika kwenye plastiki.

Boneti ina nafuu yake. Kwenye gari la kweli, lile la Edgar Herrmann na Hans Schuller lililoshinda Safari ya 1971, boneti ilikuwa nyeusi isiyong'aa, kama ilivyokuwa desturi ya magari ya rali, ili jua lisimrudie dereva machoni. Kwa hiyo boneti usihangaike kuing'arisha: isugue kidogo kwa msasa wa maji namba 1000, ipige nyeusi upya siku nzuri, umalize na klia, ile laka isiyo na rangi, ya aina isiyong'aa. Nguvu zako zote peleka kwenye paa na ubavu mwekundu.

Tiba ya pili, endapo ritada haipatikani, ni msasa wa maji namba 2000 wenye tone la sabuni, kisha kompaundi ya kung'arishia. Inafaa ukungu ukiwa umekaa juu tu. Ubaya wake, kwenye skeli 1/24 mikunjo ya milango na kingo za matao ya tairi hubeba rangi nyembamba sana, na ukisugua mara mbili tatu za ziada plastiki inachungulia. Zibe kingo hizo kwa tepu kabla ya kuanza. Tiba ya tatu ndiyo uliyoiwaza, kuvua rangi yote, na naiweka mwisho kwa sababu inarudisha gari nyuma kabisa. Ikibidi, tumia isopropili, aina ya spiriti, ya asilimia 90 na zaidi, loweka bodi ndani ya ndoo yenye kifuniko, sugua kwa mswaki laini. Jaribu kwanza kwenye kipande cha fremu, ile miti ambayo vipande vinakuja vimeshikana nayo. Watu wengi watakushauri mafuta ya breki. Yanavua kweli, lakini yanachafua kila kitu, yanaunguza ngozi, na wapo waliolalamika kwamba plastiki ilibaki kavu ikawa inakatika. Mimi siyatumii kwenye gari ninalolipenda.

Wapo pia watakaokuambia, "Si gari la rali? Lipake tope, hakuna atakayeona." Tope la Safari huanzia chini, kwenye sketi na nyuma ya matairi. Tope lililotua juu ya paa pekee litamchekesha hata mtoto.

Kwa siku za mbele, badilisha saa. Mombasa puliza kati ya saa saba na saa tisa mchana, siku ya jua. Miezi ya kaskazi, kuanzia Januari hadi Machi, ni ya kuchapa kazi. Mwezi wa nne na wa tano jenga injini, paka dashbodi na viti kwa brashi, kata na sugua, laka iache kabatini. Nunua kipima unyevu kidogo cha betri ukitundike pale unapopulizia, ufanye ile hesabu yangu. Jibu likiwa chini ya 6, mimi siku hiyo siwashi kompresa. Bodi usiilaze kwenye AC. Kama imekaa humo, iache itulie kwenye joto la kawaida saa kadhaa. Unaweza hata kuipasha kidogo kwa draya ya nywele ukiishika mbali, iwe na uvuguvugu tu mkononi, kwa sababu uso ulioanza na joto unachelewa kufika kwenye umande. Usizidishe. Polistairini inalainika vibaya ikikaribia nyuzi 100, na sehemu nyembamba kama nguzo za kioo zinapinda kabla ya hapo.

Kama wataka kuepa haya yote, hamia akriliki, mfano Tamiya za chupa zenye alama X na XF, ambazo huchanganywa na maji au isopropili. Haziumi plastiki, na unyevu kwa kawaida unazichelewesha kukauka tu badala ya kuzitia ukungu. Gamba lake si gumu kama la laka na haling'ariki vile kwa kompaundi, basi mimi nyekundu ya bodi bado napendelea laka. Lakini ndani ya gari, chesi na injini, sioni sababu ya kujisumbua na kitu kingine. Makopo ya spreyi nayo yana shida ileile ya umande na zaidi, maana gesi inapotoka inapoza pia. Isitoshe hayasafirishwi kwa ndege kwenye vifurushi, kwa hiyo hata yule jamaa wa Dubai asingeweza kukuletea.

Sasa twende kwa mjomba. Tairi za seti za zamani ni vinili, na vinili kwa asili ni ngumu. Ili ilainike kama mpira, kiwandani huchanganywa na vilainishi vya majimaji. Vilainishi hivyo havijafungwa na chochote, vinatembea, na vikigusana na polistairini vinahamia huko na kuilainisha nayo. Tairi linabaki limekakamaa, plastiki jirani inageuka uji. Kioo ndicho huumia zaidi kwa sababu ndani ya sanduku hakuna aliyewatenganisha, na tairi limelala juu yake miaka hamsini. Joto linaharakisha safari hiyo. Sanduku lililo juu ya kabati, chini ya dari ya mabati, linapikwa kila mchana.

Kile kioo hakirudi, nisikudanganye. Kama alama ni ndogo na iko ukingoni, msasa wa maji kuanzia namba 1000 kupanda, kisha kompaundi, unaweza kuipunguza. Kama imezama kama ulivyosema, kata kioo kipya kutoka plastiki angavu ya kifungashio, ile bapa ya maboksi ya mashati au keki. Tengeneza kwanza kiolezo cha karatasi ukikijaribu kwenye bodi. Kioo cha mbele chenye mkunjo wa upande mmoja kinakubali vizuri; cha mkunjo wa pande mbili kinahitaji kalibu na joto, na hapo utafute mtu wa kukuonyesha kwa mikono. Kibandike kwa gundi nyeupe ya seremala, ambayo inakauka ikawa angavu. Supaglu usiisogeze kabisa karibu na kioo: mvuke wake unaganda ukikutana na unyevu, unaacha ukungu mweupe juu ya kioo, na hapa kwetu unyevu upo wa kumwaga.

Masanduku mengine yote yafungue wiki hii. Toa tairi zote, tia kila seti kwenye mfuko wake wa zipu, andika jina la gari juu, weka mbali na vipande vingine. Vioo uvitie mfuko wa peke yake. Ukijenga gari, zungushia rimu utepe mwembamba wa foili ya jikoni mahali tairi linapokalia, hata kwenye Datsun yako mpya fanya hivyo. Tairi za kisasa nyingi ni salama zaidi, lakini foili haikugharimu kitu. Na gari lililokamilika usiliweke moja kwa moja juu ya rafu ya plastiki iliyo wazi kama kioo, maana tairi linaacha alama huko pia.

Najua utauliza: je, yale ambayo bado yamefungwa nailoni yake ya kiwandani, nisiyauze hivyohivyo? Wakusanyaji hulipa zaidi kwa sanduku ambalo halijafunguliwa, hilo kweli. Lakini sanduku lililofungwa ni lilelile ambamo tairi linaendelea kula kioo bila wewe kuona. Tena AMT bado wanachapa upya magari mengi kutoka kalibu za zamani, kwa hiyo gari ulilodhani adimu huenda linauzwa dukani jipya, na stika zake nzuri kuliko zako. Ningekuwa wewe ningefungua yote, isipokuwa moja au mawili ambayo mkusanyaji mzoefu ameyaona kwa macho yake, akayashika, akakuambia yanastahili kubaki. Bei ya kukadiriwa kwa picha ya simu usiitegemee.

Ukiyafungua utakutana na stika za maji zilizogeuka njano. Zitie kwenye mfuko wa zipu, zibandike dirishani upande wa jua siku kadhaa, njano inafifia sana. Kabla ya kuzilowesha kwenye maji, zipulize klia tabaka moja, kwa sababu za zamani zinakatika vipande zikigusa maji. Na stika zote, za zamani na za Datsun yako, zibandike juu ya uso unaong'aa, ukitaka kuondoa mng'ao upulize klia isiyong'aa baadaye. Juu ya uso mkavu wa mikwaruzo hewa hunaswa chini ya stika ikaonekana kama fedha, na utaniandikia tena ukidhani ukungu umerudi. Vipande vya kromu visafishe kwa brashi kavu tu. Ile kromu ni utando mwembamba wa alumini, na Jik inauondoa wote kwa dakika chache, jambo ambalo ni baya kama hukukusudia na zuri sana kama wataka kuzipaka upya.

Mashine ya kukausha hewa usinunue. Nyumba zetu za Tudor zina madirisha ya kupitisha upepo usiku na mchana. Utakuwa unakausha mkono wa bahari. Kwa pesa hizo nunua maboksi makubwa ya plastiki yenye mfuniko wa mpira, tia ndani vipakiti vya zile shanga za kukausha zinazokuja na viatu na simu, panga seti zako. Shanga zikishiba maji zipashe kwenye sufuria kavu, moto mdogo, zirudi kazini. Maboksi yakae chumba cha ndani, chini, si juu ya kabati wala kwenye buti la gari.

Limebaki la afya, na hapa nataka unisikilize kuliko kote. Laka na thina usipulize ndani ya chumba kilichofungwa, wala jikoni kwenye jiko la gesi, wala watoto wakiwa karibu. Barakoa ya kitambaa au ile ya Korona haizuii mvuke wa thina. Nunua yenye makopo ya mkaa pande mbili, na ukisikia harufu ukiwa umeivaa, makopo yamekwisha. Kichwa kikikuuma au kizunguzungu kikianza, toka nje, acha kazi. Kifua kikibana au ukaanza kukohoa kwa filimbi, nenda hospitali siku hiyohiyo ukiwa na kopo la rangi mkononi wajue ulivuta nini. Thina ikiruka machoni, osha kwa maji ya bomba robo saa nzima, halafu nenda ukaonwe.

Na ile rangi ya hadina niliyoigusia juu: ina isosianeti, ambayo inaweza kuharibu kifua cha mtu mzima kabisa, na wengine huambulia pumu ya kudumu. Hiyo si ya barazani. Kama kijiti cha pamba kimekuonyesha ndiyo uliyonayo, au ukiitaka kwa ajili ya klia inayong'aa kama gari la kweli, ipeleke bodi kwa fundi wa bodi mwenye chumba cha kupulizia chenye feni na barakoa ya kuvuta hewa safi. Nenda wewe mwenyewe ukiwa na kijiko ulichokifanyia majaribio, ukiwa umetanguliza praima, umwombe ajaribu kijiko kwanza. Mwambie apunguze presha na atumie bunduki yake ndogo kabisa, ile ya kuguzia mikwaruzo, kwa sababu amezoea mlango wa Probox, na tabaka moja la kawaida la Probox litazika mistari yote ya milango ya 240Z.